Masizi Kwenye Pijo la Bibi Harusi

Kijiwe chetu pale Ipuli, Tabora, kinaitwa Taruma, kwa sababu benchi lenyewe ni taruma la reli lililolazwa juu ya mapipa mawili, na usiniulize lilitokaje relini. Mimi ni Abasi, muuza kahawa. Kazi yangu ni kumimina na kunyamaza. Ya kwanza naiweza. Jumapili moja ya mwaka sabini na tano walikuwepo wenye benchi lao. Mfaume, tunayemwita Injinia kwa kuwa alitia grisi vichwa vya treni mpaka akastaafu. Shomari Redio, ambaye taarifa ya habari ikisomwa asubuhi, mchana ameshaiongezea ya kwake. Na Ngollo Mzinga, mrina asali wa Kwihara, aliyekuja mjini na ndoo ya masega. Kahawa ilikuwa moto, kashata zipo, ubishi tu ndio ulikuwa haujapata mada. Mara Lukumani, mwenzetu wa kijiweni, akaja na gari lake la Pijo, akaliegesha mbele yetu, akashuka huku kajishika kichwa.

Pijo lile ni jeupe. Yaani mbele ni jeupe. Nyuma, kuanzia kioo mpaka kwenye namba, lilikuwa jeusi kama sufuria ya msibani, kwa masizi ya dizeli linayojitapikia lenyewe.

LUKUMANI: Jamani, nisaidieni. Zamda anaolewa leo.

REDIO: Tunajua. Harufu ya pilau inatutesa tangu alfajiri.

LUKUMANI: Mtoto yule nimemlea mimi tangu baba yake afariki. Alikuwa bado yuko chuoni anasoma juzuu nilipomwahidi: siku ya kuolewa, mjomba wako atakutoa na gari jeupe. Sasa tazameni hili! Nimelimwagia maji ndoo kwa ndoo, ndio kwanza limekuwa pundamilia.

INJINIA: Maji! Nani kakutuma maji? Masizi ya dizeli yana mafuta ndani yake. Ukiyamwagia maji yanakucheka.

LUKUMANI: Na shangazi yake, Bi Mwanahawa, kaapa. Gari likitokea hivi, mtoto atapelekwa kwa mumewe Kitete kwa lori la pamba.

Bi Mwanahawa hakuwa mtu wa kuapa kwa mzaha. Tena ilikuwa Jumapili, na ile amri ya kubana mafuta ilikuwa inajulikana: ikifika saa nane mchana, magari ya watu binafsi yanalala. Kwa hiyo Lukumani hakuwa na jioni wala kesho. Nilimwonea huruma, nikampa kahawa, akaishika bila kuinywa.

REDIO: Tatizo mnaliona dogo. Hizi ni njama za mabeberu. Wanatuuzia injini ya kutuchafua, halafu watuuzie sabuni.

MZINGA: Sabuni yenyewe iko wapi? Dukani nimekuta foleni tu, mwenye duka naye kapanga.

REDIO: Ndiyo maana tunaambiwa tujitegemee. Chukua mchanga na majivu, sugua. Mama yangu anasugulia masufuria, yanang'aa mpaka unajiona meno.

LUKUMANI: Sufuria lina rangi ya kukwanguka? Ukimaliza kusugua, bibi harusi atapanda bati.

REDIO: Maji usiyavulie nguo kama hutaki kuyaoga.

LUKUMANI: Nguo gani tena, Shomari?

INJINIA: Nyie sikilizeni watu waliofanya kazi. Rangi nyeupe ndiyo inayoyaita masizi. Umeshaona kichwa cha treni kinalalamika masizi? Hakilalamiki, kwa sababu ni cheusi. Dawa ni kupaka masizi gari lote. Mbele, nyuma, ubavuni. Liwe rangi moja, lisafiri kwa amani.

LUKUMANI: Mzee Mfaume, hii ni harusi, si treni ya mizigo!

INJINIA: Mchelea mwana kulia hulia yeye.

Ubishi ukazidi, nami nikachoka. Mimi dele langu la kahawa linakaa juu ya mkaa kila siku, masizi nayajua kuliko wote wale. Nikaweka vikombe chini.

— Lukumani, lete mafuta ya taa kidogo na kanga kuukuu. Usisugue. Lowesha kitambaa, kiweke juu ya masizi, kiache kinywe, halafu futa kuteremka chini. Kikichafuka, geuza upande mwingine. Ukimaliza, osha upesi kwa maji ya sabuni, maana mafuta ya taa nayo yakikaa yanakula rangi. Suuza, kausha.

INJINIA: Hilo nilitaka kulisema.

REDIO: Na sabuni?

— Sabuni ya kipande ninayo. Nimeificha kwenye gunia la mkaa.

Walinitazama kama mhujumu, lakini hakuna aliyekwenda kunishtaki. Tukaanza. Lukumani alifuta buti, Mzinga akafuta kioo, Redio akashika ndoo na kutoa hotuba. Injinia alisimamia. Mtakavyo semeni, lakini masizi yalitoka. Weupe ukajitokeza kidogo kidogo, na Lukumani akaanza kuimba peke yake. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

LUKUMANI: Ahsante, Abasi. Sasa naliwasha nikamchukue mtoto.

INJINIA: Ukiliwasha litatapika tena. Ukifika mlangoni kwa Bi Mwanahawa, nyuma kumeshakuwa jiko.

LUKUMANI: Yarabi. Kweli.

INJINIA: Chujio la hewa limeziba. Injini inakosa pumzi, inakohoa masizi. Toa chujio, likung'ute vumbi. Halafu ukiendesha usikanyage mafuta kwa hasira.

Tukamshangaa. Lilikuwa neno la maana, na sisi neno la maana kutoka kwa Injinia hatukulizoea. Lukumani akafungua boneti, akakung'uta chujio, likatoka vumbi la njia nzima ya Nzega. Akaliwasha. Moshi ukapungua, lakini haukuisha.

INJINIA: Basi unga bomba la bati, lipande juu ya paa kama la treni. Moshi utakwenda mbinguni huko.

REDIO: Bomba la nini? Endesha kinyumenyume!

LUKUMANI: Nini?

REDIO: Kinyumenyume mpaka Kitete. Moshi utatangulia, sisi tuwe tunaukimbia.

INJINIA: Ukienda kinyumenyume ndiyo unaufuata, si unaukimbia.

REDIO: Mwenda pole hajikwai.

LUKUMANI: Yaani bibi harusi aingie kwa mumewe kwa kisogo!

Ngollo Mzinga akasogeza ndoo yake. Ni mtu wa maneno machache, kwa hiyo akisema tunamwamini haraka, na hilo ndilo kosa letu.

MZINGA: Jamani, watu wa Tabora mnashindwaje na masizi? Nta mnayo.

LUKUMANI: Nta?

MZINGA: Mafundi viatu wanapaka nyuzi nta, maji hayaingii. Mzinga wangu una nta, mvua inateleza. Paka gari nta, kisha ling'arishe kwa kitambaa kikavu. Masizi hayatapata pa kushika. Yakitua, unayafuta kwa kiganja.

INJINIA: Hapo kuna sayansi.

LUKUMANI: Nta utaipata wapi saa hizi?

MZINGA: Si hii hapa kwenye ndoo?

— Ngollo, hayo ni masega. Nta inayeyushwa na kuchujwa kwanza.

MZINGA: Saa ngapi sasa?

REDIO: Saa sita imepita.

MZINGA: Basi hakuna wa kuyeyusha. Tuyakamue hivihivi, kilichobaki ndiyo nta. Jua litamalizia. Fuata nyuki ule asali!

Wakayakamua kwa mikono, asali ikarudi ndooni, na makapi wakayasugua garini toka buti mpaka milangoni. Nilisema mara moja, sikusikilizwa, nikarudi kwenye kahawa yangu. Lakini lazima nikiri lilipendeza. Lilimeremeta. Lukumani alilizunguka akitabasamu kama yeye ndiye anayeolewa, na Redio akatangaza kwamba wataalamu wa Ulaya wakisikia watakuja kujifunza Ipuli.

Nyuki wa kwanza alitua kwenye kitasa.

MZINGA: Mmoja huyo. Mpita njia.

Wa pili akatua kwenye kioo. Ilikuwa kiangazi, hakuna ua linalochanua, na sisi tulikuwa tumewaandalia karamu juu ya magurudumu. Kufumba na kufumbua milango ya Pijo ilikuwa inatembea. Buti lilikuwa linavuma bila injini kuwaka.

LUKUMANI: Ngollo! Waondoe!

MZINGA: Nyuki wanaondolewa kwa moshi.

LUKUMANI: Moshi gani?

MZINGA: Moshi mwingi. Liwashe gari, kanyaga mafuta.

LUKUMANI: Na nani atakayeingia kuliwasha?

Hakuna aliyejitolea. Injinia alikumbuka ana mgonjwa wa kumtazama, lakini miguu haikumpeleka. Na hapohapo tukasikia vigelegele vinakata kona.

Bi Mwanahawa alikuwa mbele, nyuma yake wanawake, na katikati yao Zamda, kajifunika mpaka machoni, mikono ina hina iliyokolea vizuri. Walikuwa wamechoka kusubiri, wakaamua kulifuata gari. Bi Mwanahawa akasimama. Akalitazama Pijo nyuma, akatafuta masizi, hakuyaona. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akasogea hatua moja, akasikia ule mvumo, akarudi.

— Shikamoo, Bi Mwanahawa, tulisema wote kwa pamoja.

— Marahaba. Gari ni safi, sina neno. Sasa niambieni, wanaume: bibi harusi apandie mlango upi?

Injinia alitazama chini. Redio alijikinga nyuma ya ndoo yake ya maji. Mzinga alijifanya anahesabu masega. Lukumani ndiye aliyeniuma. Alisimama na kitambaa mkononi, mtu mzima yule, machozi yanamlengalenga, hathubutu kumtazama mtoto wake.

Zamda ndiye aliyesogea. Alikuja mpaka kwa mjomba wake, akakichukua kile kitambaa, akanipa mimi.

— Mjomba, gari jeupe nimeliona. Kitete naijua kwa miguu. Wewe nishike mkono tu, usiniache nijikwae.

Lukumani akamshika mkono, wakatangulia.