Mzee Taratibu na Miale Iliyokataa Kupinda

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mzee Taratibu, alizaliwa tarehe 9 Mei 1954, kitinda mimba wa fundi saa na mkunga, katika nyumba iliyopakana na reli. Treni ikipita, vikombe vilicheza kabatini, naye alivishika mpaka vitulie.

Alisoma shule ya msingi ng'ambo ya reli, kisha sekondari ya bweni. Mwaka 1978 alihitimu shahada ya fizikia, akaajiriwa katika maabara ya chuo, na hakuhama mpaka alipostaafu.

Kazi yake ilikuwa kuifundisha adabu miale ya gama, ile inayopenya nyama, mfupa na ukuta bila hodi. Alipaka kioo tabaka la metali nzito, kisha la nyepesi, tena la nzito, mamia kwa mamia, membamba kupita vumbi, ili miale ikija kwa kuparaza ipinde kidogo na kukusanyika mahali pamoja. Alitamani siku moja daktari auchome uvimbe wa saratani kwa miale hiyo na kuiacha salama nyama iliyo jirani. Kishindo kidogo tu kiliharibu matabaka, ndiyo maana hata nyumbani kwake, alikotulea sisi wapwa zake, tulifunga milango kama wezi.

Tarehe 12 Desemba 1981 alimwoa fundi cherehani, wakajaliwa mabinti wawili. Miale ilipozidi kukataa kupinda, mkewe alimtania, "Samaki hukunjwa angali mbichi, baba. Huyo wako alishakauka."

Kumbe ilikuwa inapinda! Tofali la madini ya risasi alilolipanga mwenyewe kuzuia miale iliyonyooka lilikuwa pana mno, likaifunika na iliyopinda. Alipolisogeza upana wa ukucha, ikaonekana. Alicheka mpaka akakaa sakafuni. Lakini kupinda si kukutana, na kazi ya kuikusanya aliwaachia wanafunzi wake.

Januari 2023 aligundulika ana uvimbe kwenye ini. Alituambia wazi kwamba aliogopa kuondoka kabla ya kuiona miale imekutana. Tarehe 3 Juni mkuu wa maabara, mwanafunzi wake wa zamani, alimletea picha wodini: nukta moja, kama punje ya pilipili manga.

"Mwalimu, imekutana."

"Tofali mlilisogeza?"

"Tulilisogeza."

Aliitazama sana. "Mimi nimeshachelewa," alisema, "lakini kuna mtu hajachelewa. Nendeni kazini."

Alifariki kesho yake asubuhi, mkono wake mkononi mwa mkewe. Muuguzi alipotoka, mkewe aliinuka, akaufunga mlango taratibu.

Ameacha mjane, mabinti wawili, mjukuu mmoja, dada yake na sisi wapwa zake. Apumzike kwa utulivu. Leo tutamfunika bila kishindo, kama alivyotulea.