Soksi za Kutokea

Treni ilikuwa ikipita ukunguni taratibu, nami nikajifanya nimelala. Usingizi wa aina hiyo husikia vizuri. Mbele yangu, msusi mmoja alimwonyesha jirani yake wa kiti, mama mpiga pasi wa hotelini, mishipa iliyomvimba miguuni kama mito inayotafuta bahari. "Hata mimi ninayo, dada," mpiga pasi akasema. "Upasuaji bei yake haishikiki. Sindano ni nafuu, ila utarudia."

"Mimi daktari aliniandikia soksi za kubana, za kuvaa nikisimama kazini. Niliposikia bei, nusura nizimie."

"Mbona hujazivaa?"

"Zimwagikiwe dawa za nywele? Hizo ni za kutokea, mwenzangu. Nazivaa nikialikwa harusini."

"Na harusini unasimama?"

"Nakaa mwanzo hadi mwisho."

Treni ikasimama. Msusi akainuka, akashikilia kiti, akaisubiri miguu ikubali.