Vaileth Hakubadilisha Swali

Nje ya duka la Minal, pale Kingsbury, London, kuna benchi ambalo Jumamosi halikosi watu. Minal, mzaliwa wa Kisumu, huwauzia kahawa ya tangawizi na kuwafokea wakiziba mlango. Jumamosi hiyo walikuwepo Munir wa Mombasa, dereva wa basi, ambaye wote humwita Kapteni. Samson, aliyebandikwa jina la Nasa kwa kupenda habari za roketi. Na Lusekelo, aliyekuja na bintiye, Vaileth. Binti alikuwa anaomba chuo, na chuo kilimtaka aandike insha kuhusu swali moja la kisayansi ambalo angependa kulitafutia jibu. Alikuwa nalo, lakini mwalimu wake alilikataa, akasema ni dogo. Lusekelo akaona kijiwe kimsaidie kupata lingine.

Hawakuhitaji kubembelezwa. Kapteni alitaka dawa ya kisukari. Nasa akasema hilo kila mtu ataliandika. Yeye alitaka maji ya sayari ya Mirihi. Kapteni akauliza nani atayanywa. Nasa akajibu kwamba watu watahamia huko, na kahawa haijapoa alikuwa ameshapeleka ng'ombe, mashine ya kusaga na mabasi, huku Kapteni akikataa katakata kuendesha ruti ya huko.

Vaileth alisikiliza. Aliyaelewa yote, hata kejeli za chinichini. Ila tangu utotoni, akisemeshwa Kiswahili hujibu Kiingereza, na watu wazima walishazoea.

— Mwanangu, chukua hilo la Mirihi, Lusekelo alimwambia. Watu wa chuo wanapenda mambo mazito.

Akajibu kwa Kiingereza kwamba habadilishi.

— Kwani lako ni lipi? Nasa aliuliza.

Vaileth alimkumbuka bibi yake wa Tukuyu, asiyejua Kiingereza, siku za mwisho za ugonjwa. Bibi alimwuliza kwenye simu kama anamsikia, kama bado anampenda. Kila neno lilimwingia. La kwake lilikwama kooni, na bibi akaacha kuuliza, akidhani simu imekatika.

Safari hii hakukubali kulimeza.

— Kwa nini mimi na... naelewa Kiswahili yote, lakini kusema, hapana? Ndani ya kichwa, mlango iko wapi? Nani amefunga?

Nasa akacheka kidogo. Akasema hiyo si sayansi, ni uvivu tu wa watoto wa London.

Vaileth akamgeukia.

— Si uvivu, anko. Bibi alikuwa anakufa, na mimi nilijaribu.

Lusekelo akaweka kikombe chini. Miaka miwili tangu bibi afe, alikuwa amemhesabia bintiye ukimya ule wa kwenye simu kuwa kiburi.

Kapteni alikuwa na watoto wawili wa namna hiyo nyumbani.

— Na mlango huo, akauliza, ukishafungwa, hufunguka tena?

Nasa akatazama barabarani. Minal, aliyesimama mlangoni na birika, akasogea karibu asikie.

— Hiyo ndiyo nataka kujua, Vaileth akasema. Wakisema ni dogo, waninyime nafasi. Mimi sibadilishi.

Akaendelea kueleza, kwa Kiswahili kile kile cha kuokotaokota. Alipokwama, Kapteni alitaka kumpa neno. Lusekelo akamshika goti, akamzuia. Wakangoja, mpaka akalipata mwenyewe.