Herufi Zisizotoa Shikamoo

Aliyemwambia Yusta kwanza habari za herufi nene zilizobanana ni Nikodemo, mchora mabango. "Mama Janeth, wewe huwezi kuyaita magari," alimwambia. "Basi bango likuitie." Kweli, Yusta alikuwa na haya. Wachuuzi wenzake wakikimbilia madirisha ya magari ya abiria yaendayo Mlalo, yeye hubaki nyuma ya meza, mtoto mgongoni, bidhaa zake ndani ya katoni zisipigwe na jua. Bango lake lilisema "Karibu kwa Mama Janeth" kwa herufi za kujikunja, zenye maua, na wiki nzima halikuwa limesimamisha gari hata moja. Nikodemo akamchorea A, B na K kwenye kipande cha boksi: ndefu, nene, zimebanana, nyeusi tii, bila mikia. Akakitundika juu ya benchi la wanywa kahawa ili Yusta azipime kwa mbali. Hapo ndipo alipokosea.

— Hizo ni herufi za mnada, alisema Wakili, aliyepewa jina hilo kwa kuwa shahidi mahakamani mara mbili. Ukiziona ukutani kwako, anza kutoa vitanda.

— Za mnada wapi! alisema Mzee Breki, dereva mstaafu. Hizo za barabarani. KONA KALI. Unateremka na gari, unazisoma kabla hujataka.

— Mimi naona hazina adabu, akadakia Dula Redio. Herufi gani inakuingia machoni bila shikamoo?

— Na zimebanana hivyo kwa nini? aliuliza Mzee Breki.

— Mlima, mzee wangu! alijibu Dula. Zimezaliwa huku huku. Tambarare ya kujinyoosha iko wapi? Zimesimama wima kama nyumba zetu.

— Mimi nilisoma SUMU YA PANYA kwa herufi hizo hizo, alisema Wakili. Tumbo liliniuma siku mbili.

— Uliila?

— Nilisoma tu!

— Basi kwisha habari, alisema Dula. Abiria akisoma za Mama Janeth atatosheka humo humo garini. Hatashuka. Dada, utafunga biashara!

Yusta alikaribia kuamini. Alinyoosha mkono akitundue kile kipande cha boksi, mara gari la Mlalo likasimama kushusha magunia ya viazi. Mwanamke mmoja akatoa kichwa dirishani.

— Shikamoo, mzee.

— Marahaba, mwanangu.

— Huyu dada anauza nini?

Mzee Breki akamtazama Wakili. Wakili akatazama kikombe chake.

— Anauza... alisema Dula. Yuko hapa tangu Pasaka, huyu.

— Sawa, lakini anauza nini?

Yusta akafungua mdomo. Sauti ilipotoka, konda alikuwa ameshapiga bodi na gari limeshakata kona.

Kesho yake asubuhi, Nikodemo alimkuta Yusta mlangoni pake, ameshafika.

— Nene, alisema Yusta baada ya kumwamkia. Ndefu. JAMU YA PLAMU.

— Na jina lako tuliweke wapi?

— Jina wataniuliza wakishashuka.