Sauti ya Ilyasi kwenye Ordinateri ya Twaha

Kijiwe chetu cha Nyamugari, hapa Gitega, ni ubao mmoja mbele ya birika la kahawa la mama Husni. Asubuhi ile Twaha, mpiga gitaa, alikuwa amerudi kutoka harusini Muyinga. Alisimama pembeni, hakutaka kukaa. Ilyasi, mwimbaji wake wa miaka yote mpaka ugonjwa wa koo ulipomnyima sauti, alikuwa katikati yetu na kikombe chake.

Habari ilishamtangulia Twaha. Alipobaki bila mwimbaji alijifunza kuandika programu, kwanza kwenye simu, kisha kwenye ordinateri, yaani kompyuta, kuukuu. Akaifundisha midundo. Baadaye akakusanya rekodi zote za Ilyasi, akaifundisha kuimba kama yeye. Kule Muyinga ikamsifu bibi harusi kwa jina, kwa sauti ya Ilyasi. Salima, mke wa Ilyasi, alikuwa akisaidia jikoni. Alitoka mbio, mikono imejaa unga, akimtafuta mumewe. Akakuta mashine. Alirudi jikoni, na waliokuwa huko wakamsikia analia.

— Mi nasema ni majini, alianza Fundi Redio. Mutu hayuko, sauti iko.

— Majini gani? alisema Profesa, ambaye shule aliiacha darasa la tano. Ile mashine inanyonya. Ilyasi aliimba sana kwenye mikro, ikamunyonya polepole mpaka akaisha.

— Alors, basi imurudishie, alisema Fundi Redio.

— Haiwezi. Asiyekuwepo na lake halipo.

Ilyasi alikuwepo. Goti lake liligusana na la Profesa.

— Kesho itaposa binti ya mutu kwa sauti ya marehemu, alisema Fundi Redio.

Twaha alisema kwa sauti ya chini kwamba alimkumbuka rafiki yake, basi.

Gaudensia, mkulima wa Giheta aliyekulia Tanzania, alikuwa akinywa kahawa huku akisubiri gari. Hakumjua yeyote pale.

— Samahanini, ndugu zangu. Huyo Ilyasi mwenyewe, mlipomuuliza, alijibu nini?

Fundi Redio alitazama ndani ya kikombe. Profesa aliondoa goti lake. Tulishazoea kwamba Ilyasi hasemi, tukasahau kwamba kichwa anacho cha kutikisa.

Twaha alikuja akachutama mbele ya Ilyasi.

— Kaka, ningekuuliza, ungekubali?

Ilyasi aliweka kikombe chini. Akatikisa kichwa: hapana. Kisha akasogea, akamwachia nafasi kwenye ubao.

Twaha hakukaa. Alibaki amechutama, macho chini, na sisi wengine tukashindwa hata kunywa.