Mukubwa Wangu Aliwafikisha

Mama na papa wa shirika letu la wakristo hapa mutaa wa Mapendo, asante kwa kunipa nafasi. Nataka kuwaeleza habari ya ndugu niliyemufuata, mukubwa wangu.

Tulizaliwa wawili, wavulana watupu. Baba alikuwa dereva wa lori, mama alilima viazi kijijini Kibumba. Baba ndiye alitufundisha kushika usukani, ile volan, na kuendesha. Vita ilipomuua njiani karibu na Rutshuru, mukubwa wangu na mimi tukakimbilia Uganda. Mama alikataa kwenda. "Kaburi la baba yenu namwachia nani?"

Kule tuliosha magari katika garaji moja. Mwenye garaji alikuwa na gari la mashindano. Siku dereva wake alipougua, mukubwa wangu alimwambia, "Muzee, unijaribu." Akarudi wa pili, vumbi mpaka kwenye meno. Tangu hapo akawa dereva wa kulipwa, na baadaye akaniombea nafasi, nikapewa gari langu. Ndugu zangu, nawaambia, watoto wa wakimbizi, watu walituita kwa majina wakipiga makofi! Barabarani tulikuwa wapinzani kabisa. Jioni tulikula sahani moja. Akinishinda alisema, "Mudogo wangu, umeshiba vumbi, sasa kula na bugali."

Kisha mapigano yakarudi upande wa Kibumba. "Naenda kumutoa mama," akaniambia. "Wewe baki, ukimbize gari." Tuliagana tukicheka.

Alikodi pikap hapa Goma, akapanda kuelekea Kibumba. Alimukuta mama na majirani barabarani, mizigo kichwani. Akawajaza wote nyuma, mama akakaa mbele. Walipoanza kushuka, risasi zikapita kwenye mulango wake. Mama akamuuliza, "Umeumia?"

"Mama, usiangalie huku. Angalia barabara."

Akaendesha mpaka nyumba za kwanza za muji. Akavuta freni ya mukono, akazima motere, akaweka paji la uso kwenye volan. Mama alifikiri anapumzika. Waliokuwa nyuma walishuka wote wazima. Yeye hakushuka.

Nilikuja kuzika, nikabaki hapa na mama, sikurudi tena Uganda. Volan sikuweza kuigusa. Mutu akiwasha pikipiki karibu nami, niliziba masikio. Nikajifungia ndani, nikawa mutu wa pombe. Na mama, yule aliyekaa kando ya mutoto wake akifa, ndiye alinipikia, ndiye alinifulia. Watu walisema, "Dereva mukubwa yule, leo anaogopa hata teksi." Ilikuwa kweli.

Barabara ilipotulia, mama alitaka kuona shamba lake. Papa mumoja, aliyeshuka muzima siku ile, alikuja nyumbani na pikap yake, akaweka ufunguo mezani.

"Mutoto wangu, ndugu yako siwezi kukurudishia. Lakini mama hawezi kufika Kibumba kwa miguu."

"Papa, siwezi."

Nilipotoka inje, mama alikuwa ameshakaa ndani ya pikap, kiti cha mbele, jembe kati ya magoti. "Nilizaa madereva wawili," akasema. "Mumoja yuko chini ya udongo. Mwingine yuko wapi?"

Ndugu zangu, nilirudi kuchukua ufunguo, nikawasha. Tukapanda kuelekea Kibumba. Pale mahali risasi zilipopita siku ile, mama aliomba nisimame. Tukasali Salamu Maria, tukaendelea mpaka shambani. Wakati wa kushuka niliendesha taratibu mpaka kijana wa chukudu, ile baiskeli yetu ya mbao, na magunia yake ya makala ya kupikia, akatupita akitupungia mukono. Mama akacheka. Tangu mazishi sikuwa nimesikia kicheko chake. Nikacheka naye huku nalia, na gari likaendelea kwenda.

Mashindano sikurudia. Leo nabeba kabeji na viazi vyenu. Ziko asubuhi ambazo nakaa kwenye volan muda murefu kabla ya kuwasha, siwafichi.

Nawashukuru mama wa shirika hili. Mulileta mboga ya sombe nyumbani kwetu, na hamukuniuliza hata siku moja nitaamka lini. Namushukuru yule papa. Na namushukuru mama yangu, ambaye leo magoti yamemukataza kuja. Kama kwenu kuna mutu ameanguka kwa huzuni, musimwambie asahau. Mukae naye. Halafu siku moja, mumuombe awapeleke mahali.

Mukubwa wangu alikuwa dereva hodari kuliko mimi, na hilo nalisema bila wivu. Mungu amupokee.