Nelius Karambu Njura, 1936–1997: Mama wa Kikombe cha Bluu

Tulieni huko nyuma, hii haitasomwa mara mbili.

Marehemu Nelius Karambu alizaliwa mwaka wa 1936 huko Kibirichia, Meru, kwa watu wa viazi. Shule alifika darasa la pili, akatolewa achunge ng'ombe. Lakini Biblia alisoma mwenyewe, na kwa mizani hakuna mtu angemcheza.

Aliolewa na mzee Njura wa hapa Kanja mwaka wa 1958. Mlicheka Kimeru chake. Kabla mwaka uishe alikuwa anawajibu kwa Kiembu. Waliuza viazi soko ya Embu mpaka mzee akafariki 1981. Mungu aliwapa mtoto mmoja, Kajuju. Kajuju alipopata kazi Nairobi 1977, alimwachia mama yake kijana wa miezi sita, Kirimi. Huyo alilelewa kwa nduma. Nyanya anatafuna kwanza, ikilainika anamtia mdomoni. Ndivyo wengi wetu hapa tulilishwa.

Tumbo ilianza kumchoma 1993. Kila mtu akawa daktari: ni mawazo ya ujane, ni pilipili, kunywa maziwa. Alikunywa maziwa miaka mitatu. Machi 1996 daktari mwenyewe, kule Embu mjini, akamwambia nyanya, Kirimi akiwa hapo:

"Mama, si mawazo. Ni bakteria. Wengi tuko nao na hatusikii kitu. Lakini kuna wapole na kuna wakali, wale wanadunga sumu kwa ukuta wa tumbo. Wako naona ni wakali."

"Na nilitoa wapi?"

"Pengine ukiwa mtoto. Wanapitia mdomo."

Nyanya alimwangalia Kirimi.

Alipewa dawa za wiki mbili. Kutoka siku hiyo kikombe chake cha bluu kilikaa kwa msumari, mtu asiguse. Kwa kikundi cha akina mama, kibuyu cha uji kikizunguka, alikipitisha bila kuonja. Jirani yake Ciakuthii akamuuliza, "Mama Kajuju, umekuwa mzungu? Ama ni sisi tunanuka?"

"Mdomo wangu ni mbaya, Ciakuthii. Nyinyi kunyweni tu."

Hapo mkasema ana ule ugonjwa. Mlisema! Njia ya kwake ikamea nyasi. Alikula peke yake, akiongea na kuku. Hata Kirimi, aliyekuwa akiuza viatu vya mtumba mjini, siku moja alikatazwa hicho kikombe, akapandwa na hasira, akakaa miezi minne bila kurudi. Hilo ni kosa lake, na limeandikwa hapa.

Alhamisi tarehe 13 Novemba 1997, mvua ikiwa imekata barabara, kidonda cha tumbo kilipasuka. Ciakuthii alimpata Ijumaa asubuhi, kwa sababu kuku walikuwa wanalia hawajafunguliwa. Karatasi ya hospitali iko hapa. Mwenye alisema ule ugonjwa, aje asome.

Ndani ya kikombe kulikuwa na dawa, zimefungwa kwa kitambaa. Alikunywa za siku saba, za siku saba akaweka. Na karatasi, kwa ule mwandiko wa darasa la pili: "Za Kirimi. Nilimtafunia."

Kirimi hajawahi kuumwa na tumbo.

Ameacha binti yake Kajuju, mjukuu wake Kirimi, na kuku tisa.

Pumzika, nyanya. Mdomo wako haukuwa mbaya.